Mistari Minne ya Mwanaidi

Mwanangu Baraka,

Habari za afya sitakuuliza, maana jioni hii tumekula sinia moja na umemaliza ugali wa watu wawili. Wala sitakuandikia mambo ya chandarua na maji ya kuchemsha. Hayo baba yako amekwambia tangu Jumatatu, na kesho pale stesheni atakwambia tena, treni ikianza kuondoka atayapigia kelele dirishani. Mimi nataka kukuandikia habari za kitabu.

Najua unacheka. Mama, mtu wa pasi na mashuka, anamfundisha fasihi mwalimu wa fasihi. Cheka, lakini soma mpaka mwisho, maana nimekaa kwenye kiti hiki tangu tulipomaliza vyombo na mgongo umeshaanza kununa.

Mchana ulipokuwa unapanga begi uliacha karatasi zako za somo juu ya kochi. Ziliachwa wazi, na kwangu karatasi iliyolala wazi inaomba kusomwa. Umepiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja umeandika Mwanamume, na chini yake: jasiri, mwenye maamuzi, mtetezi wa jamii. Upande wa pili Mwanamke, na chini yake: mrembo, mvumilivu, msaidizi wa mume. Mwandiko mzuri sana. Nimejivunia mwandiko. Halafu nikajiuliza kama hicho ni kitabu kilekile ninachokijua mimi.

Kwa sababu mimi riwaya hiyo unayokwenda kuwafundisha watoto wa watu huko Singida niliisikia kabla hujazaliwa, nimeitambua kwa majina ya watu wake. Sikukwambia. Kuna mambo mengi ya Mikumi sikukwambia, na leo naona nilikosea.

Nilikuwa msichana wa darasa la saba niliyeajiriwa kufua na kupiga pasi kwenye gesti ya Mama Tausi, kando ya barabara kuu, pale malori yanapolala. Mashuka ya gesti ya barabarani unaweza kuyafikiria. Kuyafua ilikuwa kazi moja, na kuyanyamazia ilikuwa kazi nyingine. Mgeni mmoja akasahau kitabu chini ya godoro. Mama Tausi akakiweka kaunta ili mwenyewe akirudi apewe. Hakurudi. Jalada likaenda kuwashia mkaa, likafuatiwa na kurasa za mwanzo, na kitabu kizima kingeishia jikoni kama mpishi msaidizi, kijana mmoja mkimya aitwaye Elias, asingekichomoa na kukificha juu ya kabati la vyombo.

Ndiyo, baba yako. Usiruke mistari.

Kukunja shuka kubwa kunataka watu wawili. Mnashika pembe, mnavuta, mnakutana katikati, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Ni kazi ya mikono yote, kwa hiyo hakuna mkono wa kushika kitabu. Mama Tausi, ambaye hakuweza kuvumilia kimya hata dakika moja, ndiye aliyesema, "Jamani, si mtu mmoja atusomee? Redio yenyewe imekufa." Akajitolea Kobelo.

Kobelo alikuwa dereva wa lori la miwa kule Kidodi. Alikuwa akipanda Mikumi kutafuta spea, na niligundua kwamba lori lake lilipenda kuharibika siku zangu za kupiga pasi. Alikuwa na sauti, Baraka! Sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alipoanza kumsoma Dihenga, mwanamume wa kitabu hicho, hata wateja waliacha wali upoe.

Wewe umekisoma, lakini wacha nikisimulie kama nilivyokisikia, maana huenda ndipo tunapoachana. Dihenga ana kijiji kwenye kingo mbili za mto. Kila masika mto unakikata kijiji vipande viwili. Dihenga anataka daraja. Anahutubia, anagombana na wazee, anakwenda mbali na kurudi, anasimama ukingoni akiwaza, na kila akiwaza mwandishi anatuambia mawingu yalikuwaje. Mkewe, Mwanaidi, kila akitokea tunaambiwa kiuno chake. Hatuambiwi anafikiri nini. Tunaambiwa kiuno, shingo, tena kiuno. Kuna mahali anamwaga maji ya kunde na mwandishi bado amekumbuka kiuno.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akituletea maziwa asubuhi na kubaki kusikiliza. Tulimwita Yeyoo, kama wao wanavyomwita mama. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, hakikubeba mzigo wa bure. Siku moja Kobelo alikuwa ndani kabisa ya mawazo ya Dihenga, ukurasa wa tatu wa kusimama ukingoni, Yeyoo akauliza, "Huyu mwanaume anafikiri. Sawa. Mbuzi nani amekamua?"

Kobelo akasema, "Yeyoo, hilo halijaandikwa."

"Basi mwanamke amekamua," Yeyoo akasema, akachukua madumu yake akaenda zake.

Nimesikia watu wengi wakichambua riwaya, na wewe mwanangu ni mmoja wao, lakini sijasikia uchambuzi kama ule.

Sasa Kobelo alipofika kwenye maneno ya Mwanaidi alifanya jambo ambalo lilitufurahisha sote. Aliibana sauti ikawa nyembamba kama ya paka aliyekanyagwa, akashika kiuno, akayumba. "Dihenga mume wangu, maji yamepandaaa!" Tulicheka mpaka shuka ikaanguka chini na kufuliwa upya. Na aliyecheka kuliko wote nilikuwa mimi. Nilimpenda Kobelo, nikuambie ukweli wa kike. Au nilimpenda Dihenga, nikadhani ni mtu mmoja.

Akaniambia, "Jumamosi jiandae, tunakwenda Ifakara. Nimeshaongea na dada yangu, tutakaa kwake." Nikamwambia, "Kobelo, mama yangu Kilosa anaumwa miguu, hajui hata kama wewe upo." Akaibana ile sauti yake, mbele ya Mama Tausi na wateja: "Mama yangu anaumwa miguuuu!" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Nilicheka sauti yangu mwenyewe. Kicheko hicho ni rahisi sana, kinatoka bila kuitwa, na ukikitoa kila mtu anaona wewe ni msichana mwenye moyo mweupe, hana makuu. Nikaenda chumbani nikafunga nguo zangu kwenye mfuko. Nilikuwa tayari kabisa kwenda Ifakara.

Wiki hiyo lori likaharibika kweli, Kidodi, mbali na spea na mbali na mimi. Mama Tausi akasema kitabu kimebaki pabaya, mto umejaa na watoto wamekwama ng'ambo na mbuzi, hawezi kulala bila kujua. Akamwita Elias kutoka jikoni. "Wewe soma basi, si unajua kusoma?" Baba yako akafuta mikono kwenye aproni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza.

Dihenga alimsoma vibaya. Niseme haki. Alimsoma kama mtu anayesoma bei za vyakula. Wanaume wanabishana ukingoni, nani aende, kamba ifungwe wapi, kurasa na kurasa, na Mama Tausi akaanza kusinzia. Kisha ikafika mistari minne ya Mwanaidi. Unaikumbuka? Sidhani, maana kwenye karatasi yako haimo. Anachukua kamba kutoka mikononi mwa wanaume. Anajifunga kiunoni. Anampa Dihenga ncha ya pili na kumwambia, shika hapa, usivute mpaka niseme. Anaingia majini. Basi, mistari imekwisha. Sura inayofuata watoto wameshafika nyumbani wanakula, na Dihenga anaanza kuwaza upya kuhusu daraja.

Nikajiandaa kucheka, kama tulivyozoea. Lakini baba yako hakubana sauti. Alisoma kwa sauti yake mwenyewe, ileile ya kuulizia chumvi iko wapi. "Shika hapa. Usivute mpaka niseme."

Mama Tausi akafumbua macho. Mimi nilikuwa nimeshika pembe mbili za shuka, mwenzangu ameshika mbili, na hakuna aliyepiga hatua. Lile neno halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Lilikuwa neno la mtu anayejua kina cha mto na anajua pia udhaifu wa aliyeshika kamba. Na kile kiuno ambacho mwandishi alikuwa akitupigia debe tangu mwanzo, kumbe kilikuwa kinangojea kamba.

Tangu siku hiyo nimemheshimu sana mwandishi yule, simjui hata jina, jina liliungua na jalada. Jicho lake lilikuwa limekaa mahali pamoja kama la mteja wa baa, siwezi kumtetea. Lakini mkono wake ulikuwa mzuri kuliko jicho. Jicho likaandika kurasa mia za Dihenga, mkono ukampa Mwanaidi mistari minne, na kijiji kikaokolewa na ile minne. Sijui kama mwenyewe alitambua alichofanya. Wapishi wazuri nao hawatambui kila mara, muulize baba yako ile pilau ya msiba wa mjomba wako aliipikaje, hajui. Kwa hiyo ukiwaambia wanafunzi kwamba mwanamke ndani ya kitabu hiki ni pambo, utakuwa umewasomea jicho ukauacha mkono. Dihenga pia usimdharau. Alipoambiwa usivute, hakuvuta. Hilo nalo ni jambo kubwa, na sijaona ukiliandika upande wa wanaume. Mwanamume mwenye maguvu yote yale, mke yuko majini, na anashika kamba kimya akingoja sauti. Mimi ningemwekea alama hapo, siyo kwenye hotuba.

Jumamosi Kobelo alikuja na honi. Nikamwambia siendi. Akaigiza, "Siendiii!" Safari hii hakuna aliyecheka, na sikujua kwamba kicheko kikikosekana mtu mkubwa namna ile hupungua haraka hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Alioa baadaye, na nasikia mkewe ndiye anayeendesha lori siku hizi kwa sababu yeye macho yamefifia. Ningelipa nauli kumsikia anavyosoma sasa.

Baba yako hakuniambia jiandae. Tulikuwa tunakunja shuka, mwenzangu alikuwa ameugua, yeye amekuja kushika pembe za pili. Tulipokutana katikati akaniuliza, "Wewe ungependa kuishi wapi?" Nilikuwa nimeulizwa unatoka wapi, umesoma mpaka wapi, unalipwa ngapi. Hilo sikuwahi kuulizwa. Tulirudi nyuma, tukakutana tena. Shuka ikaisha kukunjwa. Ilibidi tukunje tatu zaidi ndipo nikasema, "Kilosa, karibu na mama." Akasema, "Haya." Akaacha kazi ya Mikumi, akaja hapa, akafungua mgahawa wake, na kwa miaka mama yangu aliyeumwa miguu akala mkononi mwake.

Na watu wakasema, "Elias ameolewa." Hilo unalijua, kwa sababu ulilileta nyumbani kutoka shule. Ulikuwa darasa la nne. Ulirudi shati limechanika, ukaniuliza, "Mama, ni kweli baba aliolewa wewe ukaoa?" Na mimi, mwenye maneno yote haya, nikakwambia nenda kanawe. Nilidhani nakuepusha na upuuzi. Kumbe nilikuacha peke yako na jibu la watoto wa Kilosa. Ukakua ukimwona baba yako anapika, anaosha, anauliza kabla ya kuamua, na hakuna aliyekwambia kwamba ule upole ndio ulionifanya nifungue mfuko wangu na kurudisha nguo zangu msumarini. Uliona mtu asiye na sauti. Ukaenda kutafuta sauti kwingine, na kwa kuwa wewe ni kijana mwenye akili umeipata, tena nzuri. Ninapokusikia ukizungumza kanisani najivuna mpaka naona aibu.

Lakini Jumapili nilimsikia Kobelo ndani ya nyumba yangu.

Tulikuwa tumekula chakula cha kukuaga. Shangazi zako wamejaa, Neema mchumba wako amekaa karibu na mlango na shangazi yake kutoka Chanzuru. Ukasimama, ukashukuru vizuri, ukasema mengi mazuri. Kisha ukatangaza kwamba Neema ataliacha shamba lake la vitunguu, akufuate Singida kabla ya mwezi kwisha, umeshapata chumba. Neema akasema kitu. Wewe ukaibana sauti, ukashika kiuno: "Vitunguu vyanguuu!" Nyumba nzima ikacheka, na shangazi zako wakapigana mabega. Neema naye akacheka. Nakijua kicheko kile, mwanangu. Nilikivaa mimi.

Kama ungeangalia, ungemwona baba yako ameinuka na kuanza kukusanya sahani ambazo zilikuwa bado na chakula.

Jioni ile nilimpa Neema pilau kwenye bakuli langu la bluu, awapelekee nyumbani. Bakuli limerudi leo. Alilileta mdogo wake, akanisalimu, "Shikamoo mama," nikasema marahaba, nikamuuliza Neema hajambo, akasema hajambo yuko shambani, akakimbia. Bakuli limesuguliwa linang'aa. Na ndani hamna kitu.

Wewe umekulia hapa, sihitaji kukueleza. Bakuli la mtu tunalirudisha na chochote, hata ndimu, hata chumvi ya kukunja kwenye karatasi. Neema tangu umchumbie hajawahi kulirudisha bakuli langu bila vitunguu vya shamba lake, vile vikubwa anavyovichagua mwenyewe. Leo ameosha, ameling'arisha, ametuma mtoto. Hakutukana wala hakulalamika kwa mtu. Ameandika mistari yake minne, nami nimeisoma, na nadhani kabla treni yako ya saa nane mchana haijaondoka mchumba wako atakuwa amemaliza kuifikiria sura inayofuata. Wewe hutakuwamo ndani yake.

Sikwambii uache Singida. Kazi umeitafuta kwa jasho na ninakuonea fahari. Sikwambii Neema abaki wala aende, hilo silijui, na kama ningelijua nisingelisema. Ninachojua ni kwamba shamba lile alilikodi mwenyewe, pampu ameinunua mwenyewe, na anajua kina cha mto anaouvuka. Asubuhi bodaboda mpaka Chanzuru si mbali. Ukifika usihutubie. Muulize, halafu ungoje. Ni kazi ngumu kuliko kuhutubia, mikono haijui ikae wapi. Baba yako alikuwa na shuka ya kushika. Wewe utashika bakuli.

Hapa niliposema nimalize, baba yako ametoka chumbani. Alikuwa hajalala, alikuwa anajilaza tu kwa adabu. "Unamwandikia mtoto kitu gani kirefu namna hiyo?" Nikampa asome. Unamjua, hawezi kusoma kimya, akasoma yote kwa sauti, amesimama na kikoi chake chini ya taa. Kwenye Kobelo akatabasamu kidogo. Kwenye pilau ya msiba akasema, "Binzari nyembamba, mbona nilishakwambia." Alipofika Jumapili akasita. Akaniangalia juu ya miwani.

"Hapa umeandika Neema alisema kitu. Kitu gani? Mbona hujaandika?"

Nikamwambia sikusikia, watu walikuwa wanacheka.

"Mimi nilisikia," akasema. Na akayasema maneno ya Neema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kuulizia chumvi iko wapi:

"Baraka, vitunguu vyangu bado vichanga. Ungeniuliza, ningekwambia lini."

Nilikuwa nimekaa karibu na Neema kuliko baba yako Jumapili ile, mwanangu, na ndiyo kwanza namsikia. Hakukataa kuja. Alikuwa anakupa tarehe.

Bakuli nimeliweka juu ya begi lako, juu ya viatu, huwezi kutoka bila kuligusa. Ndani sijaweka kitu. Hiyo kazi nimekuachia wewe.

Mimi mama yako, na baba yako amesimama hapa anataka niongeze habari ya chandarua.